Mshairi Akijirudia: Dhana Potofu Kuhusu Soneti na Tamthilia za Shakespeare

Jumamosi asubuhi huwa tunakutana wasomaji saba au wanane katikati ya jiji la Nairobi, kila mtu na kitabu chake na chai yake. Mwezi huu tulisoma mashairi ya Shakespeare, zikiwemo soneti zake (mashairi mafupi ya mishororo 14), sambamba na tamthilia zake, na kila tulipokuta msemo uleule mahali pawili mjadala uliwaka. Baadhi ya yaliyosemwa yanahitaji kujibiwa.

Dhana: Mshairi anayejirudia ameishiwa.

Hili liliniuma kuliko yote. Mwaka 1594 Shakespeare alichapisha shairi refu la masimulizi, The Rape of Lucrece. Humo Tarquin, mwana wa mfalme wa Roma, ananyata usiku wa manane kwenda kumnajisi Lucrece. Kumenyamaza kimya, ila bundi na mbwa-mwitu wanaolia kilio cha kubashiri kifo. Miaka kama 12 baadaye, katika tamthilia ya Macbeth, usiku ule unarudi: mbwa-mwitu yupo, bundi yupo, na Macbeth ananyata kwenda kumuua mfalme Duncan alikolala. Yeye mwenyewe analitaja jina: hatua hizi ni za Tarquin.

Lakini tazama kilichobadilika. Katika shairi, msimulizi ndiye anayetuonyesha zile hatua. Katika tamthilia, mkosaji anajiona mwenyewe. Anajua anafanana na nani, na bado haachi kutembea. Tena aliyelala safari hii ni mzee, mgeni aliyekaribishwa chini ya dari ya muuaji. Kwa kulitaja jina la Tarquin tu, Shakespeare ameyapaka mauaji hayo aibu ya unajisi. Angeishiwa, angenakili. Yeye aliirudia picha akiwa na jambo jipya la kusema kwayo, na mimi kila nikifika hapo nywele hunisimama.

Dhana: Maneno yakifanana, basi mwandishi ni mmoja.

Soneti ya 94 inafunga kwa mstari usemao kwamba yungiyungi likivunda hunuka vibaya kuliko magugu. Mstari huo, neno kwa neno, umo katika Edward III, tamthilia iliyochapwa mwaka 1596 bila jina la mwandishi. Soneti zenyewe, 154 kwa jumla, zilichapishwa kama kitabu mwaka 1609.

Wataalamu wengi siku hizi wanakubali kwamba Shakespeare aliandika sehemu ya tamthilia hiyo, hasa pale mfalme anapomtongoza Bibi wa Salisbury, mke wa mtu. Mstari wetu umo hapohapo, nami naungana na wataalamu hao. Ila mstari mmoja hauwezi kubeba ushahidi wote. Mwaka 1598 Francis Meres, mwandishi Mwingereza wa zama hizo, alitaja kwamba soneti za Shakespeare zilikuwa zikisomwa na rafiki zake wa karibu. Aliyezisoma aliweza kudokoa. Halafu, mstari wenyewe una sura ya methali. Sisi tunasema la kuvunda halina ubani. Malenga wa Lamu na malenga wa Mombasa wakiitumia wote wawili, nani atadai ni mtu mmoja? Mstari hupata nguvu ukiwa na wenzake, na hapa wapo: sehemu hiyohiyo ya tamthilia inataja “mapambo mekundu”, nayo soneti ya 142 inayataja pia. Kwenye tamthilia ni mashavu yaliyoiva kwa haya, kwenye soneti ni midomo.

Dhana: Soneti ni za moyoni, tamthilia ni kazi ya kutafuta riziki.

Romeo na Juliet wanapokutana mara ya kwanza, mazungumzo yao yanaunda soneti kamili ya mishororo 14, wakipokezana vina. Aliyewahi kupanda jukwaani shuleni na ngonjera atalielewa hilo upesi kuliko profesa. Na mwaka 1599 kitabu kiitwacho The Passionate Pilgrim kiliweka pamoja soneti mbili za Shakespeare na mashairi matatu yaliyong'olewa kutoka tamthilia ya Love's Labour's Lost. Ukuta huo kati ya shairi na jukwaa tumeujenga sisi.

Dhana: Mwangwi huu wa misemo inayojirudia utausikia katika tafsiri yoyote.

Hapana. Mwalimu Nyerere alitutafsiria tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na ni hazina. Lakini mwangwi unavuka lugha pale tu mfasiri anapotumia Kiswahili kilekile kwa neno lilelile kila linapotokea. Kwenye kikundi chetu mmoja aliandika yungiyungi “likioza”, mwingine “likivunda”. Tulipoziweka karatasi mbili mezani, undugu wa soneti na tamthilia ulikuwa umetoweka. Sasa tuna daftari: msemo ukitokea mara mbili, Kiswahili chake kinakuwa kimoja. Tulikubaliana “kuvunda”. Yale “mapambo mekundu” bado yanabishaniwa, maana neno linalopendeza mashavuni halikai vizuri midomoni.