Maana ya "mpango wa baadaye" katika zana za blokucheni zinazotawaliwa na jamii

Zana za wasanidi wa blokucheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, ni akiba ya msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambayo mtu huitumia kujenga mtandao wake bila kuanza sifuri. Katika Polkadot SDK, kwa mfano, ambayo ni zana za mtandao wa blokucheni uitwao Polkadot, sehemu za kutunza salio, kupiga kura na kusimamia hazina zipo tayari kama vipande vya msimbo wa lugha ya programu ya Rust viitwavyo paleti. Msanidi huchagua anavyovihitaji, huviunganisha, kisha huandika mwenyewe kile tu ambacho ni cha mradi wake. Zana hizo zikisemwa kuwa zinatawaliwa na jamii, haina maana kwamba kila mstari wa msimbo unapigiwa kura, kwani kazi ya kila siku bado hufanywa na wahandisi, wengi wao wa kampuni ya Parity Technologies. Maana yake ni kwamba mabadiliko ya mtandao wenyewe na matumizi ya hazina yake huamuliwa kwa kura ya wenye sarafu.

Hapo ndipo maneno "mpango wa baadaye" yanapobadilika maana. Kampuni ikitangaza mpango, imetoa ahadi, na inaweza pia kuivunja peke yake: Septemba 2023 kampuni ya ConsenSys ilitangaza kuifunga Truffle, zana iliyotumiwa kwa miaka na wasanidi wa Ethereum, mtandao mwingine wa blokucheni, na watumiaji wake wakaelekezwa kuhamia Hardhat, zana nyingine ya aina hiyo. Kwenye zana za jamii hakuna mwenye mamlaka ya kuahidi namna hiyo. Kinachoitwa mpango ni pendekezo, na anayejenga kazi yake juu ya pendekezo anapaswa kwanza kuuliza limefikia hatua gani.

Katika Polkadot hatua hizo hupitia mfumo wa OpenGov, ulioanza kutumika Juni 2023. Lipo pendekezo la kutaka tu kujua jamii inapenda nini, ambalo halimfungi mtu yeyote. Lipo la kuomba fedha za hazina. Na lipo la kubadilisha msimbo wa mtandao, ambalo likipita hutekelezwa na mtandao wenyewe. Nimeona watu wakishangilia la kwanza kana kwamba ni la tatu, nami naona kosa hilo ndilo linalowaumiza zaidi wasanidi wachanga.

Kura yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika chama cha ushirika, mwanachama ana kura moja hata awe na hisa nyingi kiasi gani. Hapa uzito wa kura hutokana na kiasi cha sarafu na muda ambao mpigakura yuko tayari kuzifungia, yaani kutoziuza wala kuzihamisha. Mwenye DOT 100, DOT ikiwa ndiyo sarafu ya Polkadot, akikubali kuzifungia siku 224, kura yake huhesabiwa mara sita, yaani 600. Mwenye DOT 1,000 asiyetaka kuzifungia hata siku moja huhesabiwa sehemu ya kumi tu, yaani 100. Utaratibu huu humpa nguvu anayekubali kuishi na matokeo ya uamuzi wake, ingawa haufuti faida ya tajiri, ambaye naye anaweza kufungia sarafu zake.

Mpango mkubwa unaopitia njia hiyo ni JAM, muundo uliokusudiwa kuchukua nafasi ya mnyororo mkuu wa Polkadot. Gavin Wood, mmoja wa waanzilishi, aliueleza Aprili 2024 katika waraka uitwao Gray Paper, na tuzo ya DOT milioni 10 ikatangazwa kwa timu zitakazouandikia msimbo, kila moja kivyake na kwa lugha tofauti za programu. Sababu ya kutaka timu nyingi ni ya kiusalama: hitilafu ya msimbo mmoja isiangushe mtandao mzima, na ujuzi wa kuuendesha usibaki kwa kampuni moja. Waraka, hata hivyo, hauuhamishi mtandao. Hata msimbo ukikamilika, kuuingiza katika Polkadot ni jambo la kupigiwa kura.