Kutakasa mbegu kabla ya kusia: yanayosemwa na yalivyo

"Mbegu zangu ni nono, zinang'aa, hazina ugonjwa." Unono hauonyeshi kitu. Bakteria wa uozo mweusi wa kabichi (Xanthomonas campestris) hujificha ndani ya mbegu iliyo nzuri kabisa kwa macho, na mche unaweza kutoka kitaluni ukiwa mzima. Dalili utaziona shambani: jani linageuka njano kuanzia ukingoni, doa lenye umbo la V, na mishipa iliyo ndani yake imekuwa myeusi.

Ndipo wengine wanakimbilia Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, wakiamini inamaliza kila kitu. Dawa hiyo huua vimelea vilivyoganda juu ya mbegu, ila vya ndani haivifikii vizuri. Vya ndani vinahitaji maji ya moto, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Kabichi na nyanya huwekwa kwenye maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 25, sukuma wiki na koliflawa dakika 20. Zifunge kwenye kitambaa chepesi, zipashe kwanza kwa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 38, ndipo uziingize kwenye hayo ya 50 huku ukikoroga. Muda ukiisha zitie maji baridi mara moja, kisha zianike kivulini.

Kupima kwa kidole hakufai. Joto likipungua bakteria wanabaki, likizidi kidogo tu kiini kinakufa. Nunua kipimajoto. Nadhani imani kwamba mbegu huvumilia maji yanayokaribia kuchemka imetoka kwa waotesha miti: lusina huwekwa kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika chache, lakini lengo pale ni kulainisha ganda gumu ili maji yapenye. Kabichi ukiifanyia hivyo, umeipika.

Wala si kila mbegu inafaa. Maharage, njegere, matango na maboga huumia vibaya kwenye maji ya moto, usijaribu. Majivu nayo yana kazi yake, ya kuzuia wadudu mbegu zikiwa ghalani, bakteria hawayajali.

Kuna anayedhani mbegu ikishatakaswa mche una kinga. Hauna. Kinyausi, kile kinachokata miche shingoni kitaluni, huletwa na kuvu wa udongoni, na mnyauko bakteria wa nyanya nao hukaa udongoni ukisubiri. Usisie kwa msongamano, usimwagilie kupita kiasi, na hamisha kitalu.

Mbegu za dukani zenye rangi, waridi au kijani, zimeshapakwa dawa, mara nyingi ya kuvu. Usizichovye tena, na zikibaki usiwape kuku.

Kabla ya kutia mfuko mzima kwenye maji ya moto, jaribu mbegu chache na uone zinaota ngapi, hasa kama ni za zamani, maana hizo hazistahimili joto. Zilizopita kwenye maji ya moto zisie msimu huohuo. Hazitunziki muda mrefu.