Mashine ya mvuke na sofa lako: uchafu unaenda wapi?

Jumamosi saa moja asubuhi, hata chai sijanywa, simu inalia. Ujumbe: "Kaka samahani, mashine yako ni ya stimu? Maana mimi ninayo yangu, nimepitisha kwenye sofa naona haitoi uchafu." Ni wa tatu wiki hii. Kwanza, hapa Dar stimu ni ile raha na hamu ya mtu, na swali hilo saa hizo linanikata hata kidogo niliyokuwa nayo. Pili, hapana, mashine yangu si ya mvuke. Nina miaka 11 nasafisha masofa na mazulia ya watu, Mbagala mpaka Bunju, na sijawahi kusafisha zulia kwa mvuke hata siku moja.

Ndiyo, najua ubaoni kwangu pameandikwa "Tunasafisha kwa mvuke". Nitalifikia hilo.

Mashine tunayotumia mafundi wengi inanyunyiza na kunyonya. Ina matangi mawili, moja la maji safi ya moto, jingine la maji machafu. Ukibonyeza, maji yanapigwa ndani ya nyuzi. Ukivuta mdomo wa mashine kuja kwako, mota inayanyonya palepale pamoja na yote yaliyoyakuta huko chini. Maji ya moto hufuka, mteja anaona moshi, basi anasema mvuke. Simlaumu sana. Hata Wamarekani mpaka leo wanaiita kazi hii usafi wa mvuke wakati ni maji tu.

Sasa kile kimashine cha nyumbani. Kina boila ndogo, maji yanachemka, mvuke unatoka kwa presha kupitia mdomo uliovishwa kitambaa. Kinachonyonya hakuna. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke inajaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600, kwa hiyo sebule inafuka kama jikoni kwenye shughuli na wewe unajiona umefanya kazi kweli. Lakini mvuke ukigusa kitambaa cha baridi unarudi kuwa maji. Hapo ndipo unapoachia joto lake, na joto hilo kweli linalegeza mafuta ya nywele, jasho la mikono, uchafu wa miguu ya watoto. Sibishi. Uchafu umelegea. Haya, uende wapi?

Hapa ndipo napoteza subira. Hebu chukua shati lenye kola nyeusi kwa uchafu, lipake sabuni, lisugue vizuri, halafu usilisuuze wala usilikamue, lianike hivyohivyo na povu lake. Nani anafua hivyo? Lakini sofa la milioni mbili watu wanalifanyia hivyo hivyo, tena kwa furaha.

"Mbona kitambaa cha mashine kinatoka cheusi?" Kinatoka cheusi, ndiyo. Kimefuta ncha za nyuzi. Kilichobaki kimeshuka na maji hadi kwenye sponji, na hakikushuka kulala. Sofa linapokauka, unyevu wa chini unapanda juu kutafuta hewa, na uchafu unapanda nao. Maji yanaruka, uchafu unabaki ncha za kitambaa. Ndiyo maana Jumapili doa halikuwepo na Jumanne limerudi, tena limeleta duara la njano pembeni. Hakuna aliyemwaga kitu tena. Limepanda, basi. Hata sisi wenye mashine za kunyonya hutupata tukiwa na haraka, na anayekwambia kwake halijawahi kupanda anakuuzia kitu.

Halafu kuna mchanga. Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni kavu: vumbi, mchanga, nywele, makombo. Hiyo haihitaji mvuke wala maji, inahitaji kufyonzwa ikiwa kavu, taratibu, mara kadhaa, kwa kukatiza njia. Mimi kwenye zulia la sebuleni naweza kutumia nusu saa nafyonza tu, mteja ananiangalia anafikiri namlia muda. Ukirusha mvuke kwenye mchanga ambao haujafyonzwa, unatengeneza tope.

Mama mmoja wa Tabata ana sofa la rangi ya krimu. Mtoto kacheua maziwa kwenye mto. Mama kawasha mashine yake, kapiga mvuke mpaka maji yakaisha kwenye tangi. Nilipofika, palikuwa na alama kama ramani, kingo za kahawia, na nilipopitisha ukucha nilisikia pamekakamaa. Maziwa yana protini. Vunja yai kwenye kikaango cha moto uone protini inavyofanya: inaganda. Damu ni vilevile, yai vilevile. Hayo yote huanza na maji baridi na kitambaa cheupe, unagandamiza, husugui. Yeye alikuwa ameshayapika. Nikaloweka kwa dawa yenye vimeng'enya na maji ya vuguvugu, nikasubiri, nikanyonya, nikarudia. Ilitoka kama robo tatu.

Sasa ubao wangu. Mwanzoni niliandika ukweli: "Tunanyonya uchafu kwa maji ya moto." Wiki ya kwanza nikapigiwa simu nne, zote wanauliza gari lina ujazo gani na kama chemba ikiwa nyuma ya nyumba bomba litafika. Nikafuta. Nikaandika mvuke, na wenye masofa wakaanza kupiga. Kwa hiyo uongo huu ninaoulalamikia nami nimeupakia rangi na kuutundika barabarani.

Vitambaa nitavipitia mbiombio. Mazulia mengi ya Uturuki pale Kariakoo ni polipropilini. Mvuke hauyayeyushi, maana yanayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, lakini yakishapata joto na kugandamizwa na mdomo wa mashine, manyoya yanalala na mengine hayaamki. Velveti ndiyo kabisa. Sufu ikipata joto, maji na msuguano inashikamana na kusinyaa. Zulia la mkonge usilipelekee maji ya aina yoyote, litageuka kahawia. Ngozi halisi inakakamaa, rekzini inaanza kubanduka, vanishi ya mbao inapata ukungu mweupe. Vibandiko vya maelekezo chini ya mto, W kwa maji, S kwa dawa zisizo na maji, X kwa kufyonza tu, visome kama vipo. Sofa lililochongwa Keko au mtaani kwako kwa kawaida halina, utabaki kubahatisha kama mimi.

Na mimi nabahatisha kweli. Kuna kitambaa kinaitwa viskosi, kinang'aa, madukani watakwambia hariri. Kikilowa, nguvu zake hupungua karibu nusu. Ukikisugua kimekwisha, na kikikauka kinaweza kuwa kigumu na cha njano. Mafundi tunafundishana kuchoma uzi: poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, sufu inanuka nywele zilizoungua, pamba inanuka karatasi. Vizuri sana. Ila viskosi nayo inanuka karatasi! Imetokana na mti, itanuka nini tena? Kwa hiyo jaribio ambalo kila fundi analitaja kwa kujiamini halitenganishi kitambaa kinachovumilia maji na kile kisichovumilia. Niliwahi kuharibu zulia la mtu kwa kujiamini huko, nikalilipa kwa awamu. Siku hizi naweka tone la maji pembeni pasipoonekana, nagandamiza kitambaa cheupe, naacha hadi kesho. Hata hivyo kuna mara narudi na bado sijui. Hapo naikataa kazi, na mteja anakasirika.

Je, mashine ya mvuke ni ya kutupa? Hapana. Kunguni, kwa mfano. Wakubwa hufa joto likifika nyuzi 50 hivi, mayai ni sugu zaidi, yanataka 55 na kuendelea. Mvuke unafika huko ukienda polepole mno kwenye mishono na chini ya sofa, tena kwa mdomo mpana, maana mdomo mwembamba unawapeperusha wanaenda kuanza maisha upya nyuma ya kabati. Watu wanapitisha kama wanapiga pasi, kasi ileile, halafu wanashangaa. Na waliojificha ndani ya mbao sijui namna ya kuwafikia kwa mvuke peke yake. Huwa narudi baada ya wiki mbili, na kuna nyumba nimerudi mara nne. Mistari ya saruji kati ya vigae, jiko lenye mafuta, mikunjo ya mapazia: huko mvuke uko kwao.

Kuhusu "inaua bakteria 99.9%" ya kwenye boksi: soma maandishi madogo, kisha kumbuka sofa si kigae. Na wadudu wa vumbi wanaweza kufa, lakini kinachokupigisha chafya zaidi ni mavi yao, na hayo bado umeyakalia.

Ukishapiga mvuke na umekwishajuta, acha kurudiarudia. Gandamiza kwa taulo kavu, simamisha mito, washa feni na kiyoyozi kama unacho. Wakati wa masika sponji iliyoshiba maji ikipita siku moja na nusu bila kukauka, utasikia harufu ya ukungu kabla hujauona.

Mama wa Tabata aliniuliza aiuze mashine. Nikamwambia aipeleke jikoni, kwenye vigae. Kuhusu ile robo iliyobaki, tuliugeuza mto.