Nyumba ya kando ya Lake Superior: chora kwanza upenu
Wanaojenga pwani ya kaskazini ya Lake Superior, katika jimbo la Minnesota, Marekani, hutangulia kuulizia vioo vya kutazama ziwa. Mimi hutangulia kuchora upenu, pale kenchi inapokaa juu ya ukuta, maana hapo ndipo maji huingilia.

Chanzo ni joto la ndani. Likipenya darini, theluji ya juu ya paa huyeyuka kwa chini. Maji hutiririka hadi kwenye upenu, usio na joto chini yake, yakaganda. Barafu ikishafanya tuta, maji yanayofuata hukwama nyuma yake, hupanda chini ya vigae na kushukia ukutani. Wengine hutandaza nyaya za umeme za kuyeyushia barafu: bili hupanda, na joto linaendelea kuvuja. Ziba kwanza kila tundu la taa, bomba na waya darini, kisha mwaga selulosi, yaani nyuzi za karatasi za kuzuia joto, unene wa sentimita 40 hivi. Kenchi ya kawaida huubana unene huo juu ya ukuta, kwa hiyo agiza zenye ncha zilizoinuliwa. Juu ya selulosi acha sentimita 5 za hewa kutoka upenuni hadi kileleni, paa libaki baridi. Chini ya vigae bandika utando wa lami, kuanzia ukingoni hadi angalau sentimita 60 kupita ukuta kwa ndani.

Kaskazini mwa jimbo hilo, kanuni za ujenzi huhesabu theluji ya ardhini kilo 290 hivi kwa mita ya mraba. Paa la ngazi mbili, linalopendwa sana siku hizi, lipewe nguvu zaidi upande wa chini, kwani upepo huirundika theluji hapo.

Msingi ushuke mita 1.5, chini ya kina ambacho udongo huganda. Ukikutana na mwamba mapema, fagia udongo wote, toboa na ufunge zege kwa nondo. Udongo ukisalia hunyonya maji, hufanya matabaka ya barafu na kuinua zege.

Vioo viwe vya tabaka tatu zenye gesi ya argoni. Pwani hiyo inatazama kusini-mashariki, na jua la Desemba huingia ndani kabisa.

Boriti ya chuma isipite kutoka sebuleni hadi barazani: hupoa, mvuke wa ndani huigandamia, na ukungu huota. Baraza lisimame kwa nguzo zake. Nazo zifike kina kile kile, la sivyo litainuka na mlango wa kwenda ziwani hautafunguka.