Sayansi ya chakula si upishi

Ukisema Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, kwamba mwanao anasomea sayansi ya chakula kule SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, utaulizwa: "Miaka yote hiyo kujifunza kupika?"

Siyo kupika. Tazama dagaa walioanikwa mchangani: wamekauka, ukiwakunja wanakatika, mnunuzi karidhika. Lakini ukavu huzuia bakteria kuzaliana, hauwaui wote. Salmonela, bakteria anayeharisha watu, kutoka kinyesi cha ndege huweza kubaki hai humo, na jicho la mpishi, hata awe hodari vipi, halimwoni. Ni kazi ya maabara. Mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu, waliotakiwa walikuwa wapimaji.

Tatizo, somo lenyewe ni ghali. Bila vifaa, mwanafunzi hukariri tu. Ila kazi ziko hapahapa ufukweni: vichanja vya kuanikia, ufungashaji, upimaji wa unyevu.