Kubadilishana wenza kwa ridhaa: maana ya maneno na adabu zake

Kubadilishana wenza ni makubaliano ya watu wazima walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu, kwamba kila mmoja wao anaweza kujamiiana na mtu wa nje, mwenzake akijua, akikubali, na mara nyingi akiwapo. Hapa Mwanza jambo hili hutajwa kwa kunong'ona, na kwa sababu hiyo huchanganywa na mambo mengine ambayo si yake. Mchepuko hufanyika kwa siri, na siri hiyo ndiyo inayoufanya uwe mchepuko. Mitala ni ndoa, inayotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na mke wa pili ana haki zake za matunzo na heshima ya kuitwa mke. Biashara ya ngono ina malipo. Upo pia uhusiano wa mapenzi na watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, wenye ahadi na hisia za kudumu, ambao wengine huuita poliamori. Wanaobadilishana wenza kwa kawaida hawatafuti mapenzi mapya, na wengi wao hukubaliana waziwazi kwamba moyo unabaki nyumbani.

Huko Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, magazeti yalizoea kuliita jambo hili "kubadilishana wake". Jina hilo liliachwa na wahusika wenyewe, na naona walikuwa na haki kuliacha, kwa kuwa linamfanya mume kuwa mwenye mali na mke kuwa mali inayopitishwa mkono kwa mkono. Anayelitumia leo kwa Kiswahili anabeba kosa lile lile, maana neno "wenza" lipo na linawatosha wote wawili.

Neno linalobeba dhana nzima ni ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na akili timamu na akijua anachokikubali, huku akiwa na uwezo wa kweli wa kukataa bila kuadhibiwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Katika desturi nyingi za posa tulizokulia, kimya cha binti kilihesabiwa kuwa ni kukubali, na mazoea hayo huingia hadi chumbani: mume huleta wazo, mke hunyamaza, mume huamini kwamba wameafikiana. Katika jambo hili kimya hakihesabiwi. Mke anayekubali kwa kuhofia kufukuzwa, au mume anayekubali kwa kuhofia kuachwa, hajaridhia, hata kama ametamka neno la kukubali. Aliyelewa vilevile hawezi kuridhia, na aliyeridhia jana hajaridhia kwa ajili ya leo.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna mfano wa karibu unaoonyesha tofauti hiyo. Katika baadhi ya mialo ya Ziwa Victoria kumeripotiwa kwa miaka mingi utaratibu ambao mwanamke mchuuzi wa samaki hulala na mvuvi au mwenye mtumbwi ili apate mzigo wa kuuza. Upande wa Kenya huitwa jaboya. Wapo wanaosema kwamba mwanamke yule amekubali. Amekubali, lakini watoto wanasubiri chakula na samaki wako mikononi mwa mwanamume mmoja, kwa hiyo kukataa kwake kuna gharama asiyoweza kuilipa. Kwa kipimo hicho hicho ndoa nayo hupimwa, hasa ile ambayo mmoja ndiye anayelipa kodi ya nyumba na mwingine hana kipato chake.

Msamiati uliobaki ni mwepesi kueleweka. Ubadilishanaji wa nusu ni ule unaoishia kwenye kubusiana, kushikana na, kwa wengi, ngono ya mdomo, bila kujamiiana kamili na mtu wa nje. Ubadilishanaji kamili hauna kizuizi hicho. Wapo wanaokubali tu wakiwa chumba kimoja, na wapo wanaotenganisha vyumba, jambo ambalo lahitaji kuaminiana zaidi. Watu wasiohusika na mambo haya huitwa vanila, bila nia ya kuwadharau. Mwanamke asiye na mwenzi anayekubali kujiunga na wanandoa hupewa jina la mnyama wa hadithi mwenye pembe moja, kwa sababu hapatikani kwa urahisi; jina hilo lina hatari ya kuwafanya wanandoa wamsahau kuwa naye ni mtu mwenye masharti yake. Nanasi lililopinduliwa hutumiwa na baadhi yao, hasa Marekani, kama ishara ya kutambuana, lakini mananasi yanayouzwa katika masoko yetu ni matunda tu, na hakuna ishara yoyote inayochukua nafasi ya kuuliza.

Adabu zenyewe zinatokana na ridhaa. Mtu huomba kabla ya kugusa, hata kama wengine wote chumbani wameshagusana. Anayekataa hadaiwi sababu, wala habembelezwi, wala mwenzi wake hatumwi kumshawishi. Mipaka huzungumzwa nyumbani kabla ya kutoka, na hailegezwi usiku ule ule kwa msisimko. Huweza kukazwa wakati wowote. Mwendo hufuata yule anayesita, na mmoja akitaka kuondoka, wote wawili huondoka.

Kuhusu afya, Mwanza ina historia yake. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika mkoani hapa utafiti uliolinganisha jamii 6 zilizoboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa na jamii nyingine 6 ambazo zilikuwa bado hazijapata maboresho hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU katika jamii zilizoboreshewa yalipungua kwa takribani asilimia 40. Kisonono au kidonda kisichotibiwa humrahisishia VVU njia, ndiyo maana kondomu na vipimo vya mara kwa mara ni sehemu ya adabu, na anayeficha majibu yake amewanyima wenzake ridhaa, kwa kuwa wamekubali wasichokijua. Kipimo cha VVU kinachofanywa wiki za mwanzo baada ya kuambukizwa kinaweza kutoonyesha maambukizi. Kondomu ikipasuka, dawa za dharura za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita.

Sheria ya Ndoa inamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake, ila dai hilo halisimami pale ambapo mdai mwenyewe aliridhia. Picha ni hatari kubwa zaidi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha picha za ngono mtandaoni, na katika mji ambao shemeji, mwalimu na kiongozi wa jumuiya wanafahamiana, picha moja inatosha kuvunja nyumba mbili. Kwa hiyo simu huwekwa kando na majina hayatajwi. Wakikutana kesho yake sokoni Makoroboi, au ndani ya kivuko cha Kamanga, husalimiana kama majirani wengine, na yule asiyetaka kusalimiwa huachwa apite.