Ati muvi bila ya damu haitishi?

Kila tukikaa barazani zikianza habari za muvi za kutisha za saikolojia, zile zinazochezea akili yako badala ya kumwaga damu, lazima atokee mmoja aseme "hiyo haina kitu, hata damu hakuna", utafikiri damu ndo tikiti ya kuingilia. Nishachoka kujibu huku chai inapoa, leo nayaandika.

Wanasema: damu ikizidi na woga unazidi.

Si kweli, na sisi wa visiwani tungekuwa wa mwanzo kulijua hilo. Mtoto wa Pemba kashaona mbuzi anachinjwa uani sikukuu ya Mfunguo Tatu, na mchana nyama kaila vizuri tu. Bibi yangu niliwahi kumuwekea muvi ya kukatana mapanga, akaangalia kidogo akaniambia "mjukuu wangu, hii si bucha tu hii?" akaendelea kusuka ukili wake. Kinyaa na hofu ni vitu viwili, kinyaa ukigeuza uso kishaondoka, hofu unakwenda nayo mpaka kitandani. Sasa bibi huyo huyo muulize 1995, lile jini Popobawa lilipoanzia huku kisha likavuka Unguja, watu wazima na akili zao wakahama vyumbani wakalala nje kwa makundi wamekoka moto, na hakuna aliyeleta hata unyoya wake. Kila mtu alimtengeneza wake kichwani, na wa kichwani mwako anajua wewe unaogopa nini. Muvi za saikolojia ndo zinachezea hapo hapo, inakupa kivuli na mlio wa mlango halafu inakuachia umalizie mwenyewe.

"Lakini zile za zamani zilijaa damu."

Watu wanazikumbuka vibaya. The Texas Chain Saw Massacre ya 1974, jina tu unashika shingo, ila damu inayoonekana mle ni kidogo. Psycho ya muongozaji Hitchcock, 1960, kile kipande cha bafuni ni vipicha vifupi vifupi vilivyounganishwa, muvi yenyewe haina rangi, ile damu ilikuwa chokoleti ya maji, zile fidla ndo zinazokuchoma. Na Jaws ya 1975 ndo inanichekesha zaidi, papa wao wa mashine akitiwa baharini anaharibika (yeyote mwenye mashine ya boti anayajua ya maji chumvi), muongozaji Spielberg ikabidi atuoneshe maji tu na ule muziki, papa mwenyewe humuoni vizuri mpaka ishapita saa nzima na zaidi. Ubovu wa mashine ndo ukawa utamu wa muvi.

"Hazina soko." Get Out ya 2017 ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5 ikaingiza zaidi ya milioni 250, na Jordan Peele akachukua Oscar ya kuandika. Tuendelee.

"Anayependa za damu ana matatizo." Hapana bwana, na hapa nawatetea. Wengine wanapenda ufundi wa vile viungo vya bandia, wengine wanapenda kupiga kelele pamoja. Na mpaka wenyewe baina ya za damu na za saikolojia hauko wazi hivyo, Hereditary ya 2018 ni msiba wa familia mwanzo mwisho ila ina kipande cha damu kibaya wallahi, tofauti ni kuwa kikija wale watu ushawajua.

Ya mwisho: "Mie niliangalia, sikuogopa."

Uliangalia ya DJ, yule anayetafsiri kwa kuzungumza juu ya muvi! Muvi ya namna hii imejengwa kwa ukimya, sasa pale panapotakiwa usikie pumzi tu, DJ kashatia mzaha, na wewe simu mkononi, taa inawaka, utaogopa nini? Jirani yangu mmoja alibisha sana nikamuwekea bila ya DJ, taa tumezima. Nusu saa hakijatokea kitu, hata mtu hajafa. Yeye ndo aliyenyanyuka kwenda kuwasha taa. Na ilipokwisha kaniomba nimsindikize kwao, nyumba ya tatu kutoka kwetu.